Usiku wa zamu ya maji

Baba alifariki mwaka 1994, na matanga yalikuwa hayajaisha vizuri baba mdogo alipoanza kuihesabu migomba yetu. Kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye hubaki kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha wazazi, na yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Lakini babu alishagawa kihamba akiwa hai, mbele ya wazee wa ukoo, na masale, mimea tunayoiheshimu kama alama ya mpaka na ya msamaha, yakapandwa mpakani. Kila Mchaga anajua uzito wa isale likishasimama. Asubuhi moja tukakuta yameng'olewa, yamepandwa upya ndani ya upande wetu, na mibuni aliyoipanda baba kwa mikono yake imebaki ng'ambo. Kikao cha ukoo kikaitwa. Wazee walitazama chini. Mama akaambiwa ashukuru kwa alichoachiwa.

Yeye aliendelea kumsalimia shemeji yake kila walipokutana njiani. Kaka yangu hakuweza. Alikuwa na donge ambalo hata sisi wadogo tuliliona: baba mdogo akipita, yeye huingia ndani.

Mwaka 1997, kabla ya zile mvua kubwa za El Niño, kiangazi kilitukamata vibaya. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yalipungua hadi hayafuniki hata kifundo cha mguu, na mwenyekiti wa mfongo akapanga zamu za mchana na usiku. Baba mdogo alikuwa amepanda kabichi za kwenda kuuza Moshi mjini. Zamu yake ilikuwa ya usiku, na maji, ili yamfikie, lazima yapite kwetu kwanza.

Kuyafunga maji si kazi. Unalaza gogo la mgomba, unakandamiza mawe, unaziba matundu kwa tope na majani, basi. Maji yanageukia shamba la juu. Aliye chini atadhani mfongo umepasuka mahali huko juu, na hadi alfajiri apande kuukagua, zamu yake imekwisha. Kabichi changa katika jua lile zisingengoja zamu nyingine.

Kaka aliniamsha nikamshikie tochi. Nilikuwa na miaka 13. Gogo alikuwa ameshalikata tangu jioni na kulificha kwenye majani. Aliliburuta hadi ukingoni, akavua kandambili, akaingia majini. "Usiku huu Mungu mwenyewe amemtia mikononi mwetu," akasema.

"Maneno hayo hukuyaanza wewe," sauti ya mama ikajibu kutoka kwenye migomba.

Hakupiga kelele, wala hakumwambia atoke majini. Aliketi ukingoni, akajifunga kanga vizuri, akaanza kutusimulia habari za Daudi kule En-gedi, kwenye chemchemi zilizo katika jangwa, kando ya Bahari ya Chumvi. Sauli alikuja kumsaka na watu 3,000, watu wateule, kwa ajili ya mtu mmoja ambaye alikuwa mkwewe na aliyempigia kinubi. Akaingia pangoni peke yake kujisaidia, na humo humo ndani kabisa amejificha Daudi na watu wake. Watu wa Daudi wakamnong'oneza: hii ndiyo siku aliyokuahidi Bwana, mtende adui yako upendavyo.

"Akakata nini?" mama akamuuliza kaka.

Kaka alijua, alikuwa amepata kipaimara. "Upindo wa vazi."

"Kitambaa tu. Na kwa kitambaa hicho moyo ukamsuta. Wewe unataka kukata maji ya mtu."

Kaka akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kaburini kwa baba. Akasema baba mdogo ni mwizi, na kila mtu anajua ni mwizi, na hakuna anayesema. Mama akamwambia ndiyo, ni mwizi. Hilo ndilo ninalomheshimia mpaka leo, kwa sababu nimewasikia wahubiri wengi wakimwambia aliyeibiwa asahau kwanza, kana kwamba imani ni kusema hakuna kilichoibwa. Mama alisema kweli yote. Kisha akaendelea pale ambapo mahubiri mengi huishia: Daudi alitoka pangoni, akapaza sauti, akauinua ule upindo, akamwambia Sauli waziwazi kosa lake. Akamwambia Bwana ndiye atakayewaamua, ila mkono wake yeye Daudi hautakuwa juu ya Sauli. Sauli akalia, akakiri kwamba Daudi ni mwenye haki kuliko yeye. Na bado, Sauli aliporudi nyumbani kwake, Daudi hakumfuata. Alipanda ngomeni.

"Mimi sitagusa maji yake," mama akasema. "Nitakwenda kusema mchana, kwa jina langu. Usiku si wetu."

Walilitoa gogo wote wawili. Nikamulika maji yakishuka kuelekea kwa baba mdogo.

Baba mdogo hakutuletea isale la kuomba msamaha, wala mama hakulisubiri. Mkewe alijifungua mvua zilipoanza kunyesha. Mama alipika mtori, akaufunika kwa kitambaa safi na kumpelekea, na aliendelea kumpelekea siku zote za uzazi wake, akipita pale pale kwenye masale yaliyohamishwa. Mama mdogo alipopata nguvu, Jumatatu iliyofuata mama alivaa gauni lake la kanisani, akabeba daftari alilokuwa ameandikia majina ya wazee walioshuhudia babu akigawa, akashuka kwenye baraza la kata kufungua shauri. Kaka alikwenda naye kama shahidi. Njiani walikutana na baba mdogo, na kaka akamwamkia, "Shikamoo, baba."