Shemeji na treni ya Ihumwa

Novemba Dodoma mvua bado, na upepo ndio unaodanganya: jasho linakauka kabla hujaliona. Shemeji yangu, fundi, alikuwa akipanga tofali kwangu Ihumwa toka asubuhi kwa chai na chapati moja. Saa nane mchana akaanza kuyumba, akaniuliza kama treni imeshafika. Treni gani? Ngozi yake ilikuwa ya moto kama bati.

Saidia fundi akataka kumpa panadol. Nikakataa, hiyo haishushi joto la jua. Tukamburuta chini ya mbuyu, tukamvua shati na buti, tukammwagia maji ya pipa la kuchanganyia zege huku tukimpepea kwa boksi. Vitambaa vibichi shingoni, kwapani, kwenye kinena. Kunywa hatukumpa, mtu asiyejielewa atapaliwa. Hata ndani ya bajaji tuliendelea kummwagia (dereva alinuna, nikamwongezea hela). Zahanati wakapima: bado 40.

Siku hizi tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, saa sita watu kivulini hadi saa tisa. Ndoo ya maji ipo, wanakunywa hata bila kiu. Shemeji bado anakana habari ya treni.