Watatu waliotoka kimya

Jumanne, usiku

Nimerudi Mwanza na kivuko cha Kamanga jioni, nguo zinanuka dagaa, na usingizi umenikatalia kwa sababu ya swali la bibi mmoja.

Wiki hii tunahoji wajawazito katika vijiji vya ng'ambo, upande wa Sengerema. Kuna swali huwa nalisoma polepole: je, umewahi kujifungua mtoto aliyezaliwa amefariki? Binti niliyemhoji leo alijibu hapana, mimba yake ni ya kwanza, ina miezi mitano. Tulipomaliza, bibi yake, aliyekuwa mbali kidogo akigeuza dagaa juu ya nyavu, akaniita.

"Mimi huniulizi?"

"Shikamoo bibi. Maswali haya ni ya wajawazito tu."

"Marahaba. Wangu watatu walitoka kimya."

Alisema hivyo huku mikono ikiendelea kugeuza dagaa. Aliyelaumiwa ni mke mwenzake. Alifukuzwa pamoja na wanawe wawili, na hadi leo hawasalimiani. "Wewe uliyesoma niambie, mjukuu wangu. Ilikuwa nini?"

Nilikumbuka utafiti uliochapishwa 2002, uliofanyika kwa wanawake wa mkoa huu huu wa Mwanza. Kwa wajawazito ambao hawakuwa wamepimwa kaswende mapema, wale wenye maambukizi makali, asilimia 25 walizaa watoto wafu. Kwa wasio na ugonjwa ilikuwa asilimia 1. Karibu nusu ya watoto wote waliozaliwa wafu katika kundi lile, chanzo kilikuwa kaswende. Na waliopimwa wakachomwa penisilini, sindano ya siku moja tu, hatari yao haikuzidi ya wanawake wasio na ugonjwa. Siku moja!

Lakini ningemwambiaje bibi kwamba ilikuwa kaswende? Malaria huua mtoto tumboni, shinikizo la damu huua, uchungu uliopitiliza huua. Na kaswende ukiitaja kijijini, watu husikia umalaya. Ningemtua mke mwenza mzigo nimtwishe yeye.

Nikasema, "Bibi, kuna magonjwa yanayokaa kwenye damu na kumuua mtoto tumboni, mama mwenyewe haumwi popote. Siku zile hakuna aliyekupima. Lako silijui, ila si lazima awe mtu."

Mikono ikasimama. Nzi wakatua juu ya dagaa, hakuwafukuza.

"Basi yule mwanamke tulimwonea."

Sikuwa na la kujibu. Nikamwomba binti kadi yake ya kliniki, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Mahali pa kaswende hapajaandikwa kitu. Ameshahudhuria mara mbili, mara zote ameambiwa vipimo vimeisha, arudi mwezi ujao. Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni, majibu unayapata kabla hujainuka kwenye benchi. Mtoto hasubiri shehena. Kila mwezi unaopita bila dawa, vijidudu vina nafasi ya kumfikia, na hilo tunalijua miaka yote hii kwa damu ya mama zetu wenyewe.

Nimempigia muuguzi wa kituo kingine, vipimo anavyo. Kesho navuka tena kumpeleka binti. Bibi naye anataka kuja. Anasema njia inapita nyumbani kwa mke mwenzake.