Malalamiko Yapelekwe Mlangoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna neno limenikaa kifuani tangu Alhamisi, kwenye ushirika wetu wa nyumbani. Tulikuwa tumemaliza kusoma, chai imeshamiminwa, na mazungumzo yakaingia kwenye maji, maana mtaani kwetu mifereji imekauka tena. Dada mmoja anayeuza viazi karai pale steji akatueleza hesabu zake. Maji ya kisima ni ya chumvi, hawezi kukorogea unga wala kupikia wateja chai, kwa hiyo kila alfajiri anamngoja mwenye mkokoteni amletee mitungi ya maji matamu. Mkokoteni ukichelewa, biashara imelala. Ukifika, faida yote inaondoka nao. Akauliza, tena kwa sauti ya chini, hawa viongozi wetu wanafanya nini.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu na aliyenishika mkono nilipookoka, akamwuliza, "Mwanangu, 2022 ulipiga kura?" Akajibu hapana. "Basi nyamaza. Asiyepiga kura hana haki ya kulalamika." Nyumba nzima ikaitikia Amina. Yule dada akainamia kikombe chake, na tulipoingia kwenye maombi, zamu yake ilipofika, akatikisa kichwa akampisha wa pili.

Nimeomba sana juu ya ile Amina. Amina tunaiweka juu ya neno la Bwana na ahadi zake. Safari hii tuliiweka juu ya jambo ambalo Bwana hajalisema mahali popote, tukamziba mdomo mtoto wake akiwa amekuja kulia.

Nimtendee haki mzee wetu, maana uchungu wake una sababu. Sisi watu wa Mombasa tuna deni. Agosti 2022 zaidi ya nusu ya walioandikishwa katika kaunti hii hawakufika kituoni. Ugavana, ambao kura yake iliahirishwa hadi tarehe 29 kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa na makosa, tazama ulivyoamuliwa. Daftari la wapiga kura lilikuwa na majina 641,913. Mshindi alipata kura 119,083 na aliyemfuata 98,105. Sitaji majina ya watu, hapa si jukwaa la chama. Zijumlishe hizo kura zote mbili: ni kama thuluthi moja tu ya daftari. Kitaifa nako, zaidi ya watu milioni saba wenye majina yao kwenye daftari hawakupiga kura, na tofauti ya wa kwanza na wa pili kwenye urais haikufika kura 234,000. Mzee aliyeamka gizani akapanga foleni na magoti yake mabovu, akachovya kidole kwenye wino, halafu akawapata vijana wamelala hadi saa sita, ana haki ya kuumia. Wengine wetu ni wavivu kwelikweli, na uvivu huo ni dhambi kama uvivu mwingine wowote.

Lakini kuna aliyemwuliza yule dada kwa nini hakupiga kura? Hakuna. Nilimpitia kesho yake pale steji. Alijiandikisha kwao Ganze, kule Kilifi, kabla hajaolewa, na kura inapigwa pale jina lilipo. Siku ile alikuwa na mtoto mchanga na hana nauli ya kwenda na kurudi. Kwamba angeweza kuhamisha kituo chake mapema, hakuna aliyemwambia, na sisi kanisani tulikuwa naye muda wote huo. Tulimfundisha nyimbo, tukamfundisha kutoa zaka, hilo tukaliacha.

Na hayuko peke yake. Kuna mlinzi ambaye tajiri wake hakumwachia lango. Kuna baharia aliyekuwa melini. Kuna kijana anayezungushwa kuhusu kitambulisho, leo njoo na cheti cha babu, kesho njoo na barua ya chifu. Halafu kuna wale tusiopenda kuwazungumzia. Wapo kati yetu waliokuwa Likoni Agosti 1997, kituo cha polisi kilipovamiwa na watu wa bara wakafukuzwa majumbani mwao, maelfu wakalala kwenye uwanja wa Kanisa Katoliki. Uchaguzi ulikuwa Desemba ya mwaka huohuo, na wengi walikuwa wameshapanda mabasi wakakimbia. Mtu aliyeona hayo, kila uchaguzi unapokaribia mwili wake unakumbuka kabla ya akili. Anafunga mlango. Wewe utamwambia huyo anyamaze?

Sasa fungueni nami Hesabu 27, maana hapa ndipo Bwana aliponishika.

Sura iliyotangulia, Musa na Eleazari wamehesabu watu katika nchi tambarare za Moabu. Wamehesabiwa wanaume wa miaka ishirini na zaidi, wawezao kwenda vitani, 601,730, na nchi itagawanywa kwa hesabu hiyo. Ndipo wanakuja mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume. Katika hesabu ya wenye kugawiwa nchi hawamo. Kwa kanuni ya mzee wetu, hawa walipaswa kukaa kimya. Lakini wanakwenda kusimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania, na wanasema wazi: kwa nini jina la baba yetu lifutwe? Tupeni milki.

Musa hakuwauliza mmehesabiwa wapi. Alilichukua neno lao akalipeleka mbele za Bwana. Na Bwana akajibu kwamba mabinti hao wamesema sawa, wapewe urithi, na tena iwe sheria kwa Israeli yote. Wasiohesabiwa wamelalamika, na torati ikaongezewa kifungu kwa ajili yao!

Rudi nyuma sasa usome Hesabu 14. Pale Bwana anatamka kwamba mizoga itaanguka jangwani, na anasema ya nani: wale wote waliohesabiwa, wa miaka ishirini na zaidi, walionung'unika juu yake. Waliohesabiwa! Wenye majina yao kwenye orodha, wenye haki zao zote. Hao ndio Zaburi ya 106 inasema walinung'unika hemani mwao. Kila mtu hemani kwake, na mkewe na jirani, kwamba Mungu ametuchukia, kwamba Misri kulikuwa afadhali. Walikuwa na Musa anayezungumza na Mungu uso kwa uso, hatua chache kutoka mlangoni pao, na hawakumwendea kwa imani. Kuwemo katika hesabu hakukuwaokoa, na wale mabinti kutokuwemo hakukuwafungia mlango.

Ndugu yangu, dada yangu, mlango huo ndio ninaotaka tuuone leo. Mungu hakukataa malalamiko. Zaburi zimejaa vilio. Israeli walipougua Misri hakuna aliyekuwa amemchagua Farao, na kuugua kwao kulifika juu. Yule mjane wa Luka 18 hakumweka yule kadhi dhalimu kwenye kiti chake, lakini alimwendea na kumwendea, "Nipatie haki", mpaka kadhi akachoka. Na Bwana Yesu alimchukua mjane huyo kutufundisha kuomba bila kukata tamaa. Kwa hiyo swali ninalotaka ujiulize juma hili ni hili: malalamiko yako unayapeleka wapi? Yakiishia kibarazani kwa jirani, kwenye kundi la simu, kwenye kiti cha matatu, umekaa hemani, hata kama kidole chako kilikuwa na wino. Yapeleke kwa Mungu kwanza. Mwambie yote, usimpambie. Kisha inuka uyapeleke kwa wenye mamlaka, kwa heshima, kwa maandishi, ukiwa umeshikana mkono na mwenzako.

Katiba yetu ya 2010 yenyewe haikufunga mlango. Kifungu cha 119 kinasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi bungeni. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Kila mtu. Hakuna mahali walipoandika "aliyepiga kura". Kaunti nayo inatakiwa kutushirikisha bajeti inapopangwa, kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Vikao hivyo nimehudhuria. Unakuta mabenchi matupu, wazee wachache, na vitabu vya bajeti mezani havijafunguliwa. Mtaa wenye kiu hauna hata mtu mmoja wa kusema maji.

Niwape ushuhuda, kwa utukufu wa Mungu. Wengi mnakumbuka ile mulika mwizi, taa kubwa ya mtaa, ya pale kona ilipozimika, kina mama wakawa wanaporwa mikoba wakitoka kesha. Kwa muda tulinung'unika tu. Kisha mama mmoja, aliyekuwa amelazwa hospitalini siku ya uchaguzi na hakupiga kura, akasema tuombe, halafu tuandike. Barua iliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, kina mama wakatia sahihi na nambari za vitambulisho, ikapelekwa nakala mbili: moja ikabaki ofisini, nyingine ikagongwa muhuri wa kupokelewa wakarudi nayo. Walipokwenda mara ya pili karani akasema barua hiyo haijaonekana. Mama akafungua Biblia yake, akatoa ile yenye muhuri na tarehe, akaiweka mezani kwa upole, akakaa. Walirudi tena na tena, kila mara wakipitia kanisani kuomba kabla ya kupanda tuktuk. Taa iliwaka. Wale kina mama waliimba njia nzima usiku ule, na mimi nilikuwepo.

Mama huyo tungemwambia nyamaza?

Hapa sasa niseme na kundi lingine, na mnivumilie, maana nasema kwa upendo. Kuna wapendwa waliofanya kutopiga kura kuwa utakatifu. "Mimi ni wa mbinguni, siasa ni matope." Mnanukuu Wafilipi 3:20, kwamba wenyeji wetu uko mbinguni. Ni kweli na nalipenda andiko hilo. Lakini aliyeliandika ni Paulo, na aliwaandikia watu wa Filipi, mji uleule ambako alipigwa bakora na kutupwa gerezani bila hukumu. Kulipopambazuka wakuu wakataka atoke kimyakimya. Alikataa. Alisema sisi ni raia wa Rumi, mmetupiga mbele ya watu, njooni wenyewe mtutoe. Uraia wa mbinguni haukumfanya autupe ule wa duniani, na kanisa changa la Filipi lilimwona akiutumia. Wewe unayeutupa, unamwachia nani? Kura usiyoipiga haipandi mbinguni kuwa sadaka. Anaachiwa yule anayemnunua jirani yako kwa leso na shilingi mia mbili.

Nawe uliyepokea hizo mia mbili, tubu. Sina maneno mengi kwako, Kutoka 23 imekwisha kusema kwamba rushwa hupofusha macho. Uliuza na cha watoto wako. Lakini ukitubu, rudi mlangoni nawe, hufungiwi.

Na ninyi mliopiga kura kwa uaminifu, Mungu awabariki. Naomba msiigeuze kura yenu kuwa fimbo ya kuwachapia wadogo. Mithali 31 inatuagiza tufumbue vinywa vyetu kwa ajili ya aliye bubu. Aliyesimama kwenye foleni amesimama kwa niaba ya mlinzi aliyebaki langoni na mama aliyekosa nauli. Kwa kuwa una haki, na tuseme mzee wetu ana haki kuliko sisi sote, basi aitumie kumsemea yule dada maji.

Nilimwendea mzee nyumbani kwake jioni ya Jumamosi, nikamweleza haya tukiwa na Biblia wazi. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kuhamisha kituo kunafanyikaje, na kama mwenye jina Ganze anaweza kulileta hapa. Nikamwambia anaweza, aende ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge analoishi na kitambulisho chake halisi.

Uchaguzi mkuu ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, mbaki chini ya mwembe. Walioandikishwa kura mbali waje na vitambulisho tupange siku ya kwenda pamoja, nauli ya wasio nayo itatoka mfuko wa kina baba. Vijana mliofika miaka kumi na minane, njooni na wazazi wenu. Barua ya maji itasomwa hapohapo na kutiwa sahihi. Dada wa viazi karai ndiye atakayeisoma, ameshakubali. Aliyepiga kura atie sahihi, na asiyepiga atie sahihi, kisha tutaiombea kabla ya kuipeleka Jumatatu asubuhi. Asanteni, na Bwana awatunze.