Fremu Iliyosingiziwa

Pikipiki ile ililetwa kwetu ikiwa imekwisha kuhukumiwa. Fundi aliyeitazama kabla yetu alikuwa amemwambia mwenyewe kwamba fremu imepinda shingoni, pale inapoushika usukani, na kwamba dawa yake ni kuitia moto wa gesi na kuivuta kwa winchi. Mwenyewe aliinunua ikiwa imeshapata ajali, kwa hiyo maneno hayo hayakumshangaza. Alichotaka kwa mzee niliyekuwa nikijifunza kazi kwake ni kuhakikishiwa tu kwamba moto huo ungefaa. Mzee hakuwa na haraka. Alimuuliza inavuta upande gani akilegeza mikono, na usukani unakaa vipi ikienda sawa. Jibu lilikuwa kwamba inavuta kushoto, na kwamba usukani hukaa umeelekea kulia kidogo hata njia ikiwa imenyooka kabisa.

Kwanza tulimaliza yale madogo, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu au beringi iliyolegea huweza kuiga kasoro ya fremu. Upepo ulikuwa sawa. Tuliyatikisa magurudumu kwa upande, tukauvuta mkono wa nyuma unaolibeba gurudumu ili kusikiliza kama bushi zake zinagonga, tukaugeuza usukani huku na huku gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa. Hakuna kilicholegea wala kilichokwama. Kisha mzee alichukua tochi akaikagua rangi ya fremu chini ya tangi na kuzunguka shingo, kwa maelezo kwamba bomba lililopinda kwa kugongwa hukunjamana upande wa ndani wa pindo na kupasua rangi kwenye maungio. Rangi ilikuwa nzima, ukiacha mikwaruzo.

Hapo ndipo ulipotolewa uzi wa kupimia kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Pikipiki ilisimamishwa wima juu ya stendi kubwa, uzi wa nailoni ukazungushwa nyuma ya tairi la nyuma, juu kadiri stendi na bomba la moshi vilivyoruhusu, na ncha zake mbili zikapelekwa mbele, moja kila upande, zikafungwa kwenye vyuma vizito vilivyowekwa mbele ya gurudumu la mbele. Kazi yangu ilikuwa kuvisogeza vyuma hivyo kidogo kidogo hadi uzi wa kila upande uliguse tairi la nyuma mahali pawili, kisogoni na kwenye ukingo wake wa mbele, bila kuliegemea. Uzi ukiegemea tairi hupinda mahali jicho lisipopaona, na kosa hilo hukua kadiri unavyokwenda mbele. Niliporidhika, mzee aliugeuza usukani polepole hadi nafasi kati ya uzi na tairi la mbele ikalingana kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma wa tairi hilo. Tairi la mbele lilikuwa jembamba kuliko la nyuma kwa milimita 20, hivyo tulitarajia nafasi ya milimita 10 kila upande. Rula ilisoma 4 kushoto na 16 kulia.

Mtu mwenye pupa angesema hapo hapo kwamba fremu imehama kwa milimita 6. Lakini gurudumu la nyuma lililokaa mshazari huzielekeza nyuzi zote mbili upande mmoja, na mbele hutoa picha ile ile. Umbali kati ya ekseli mbili ulikuwa kama milimita 1,300, na upana kati ya vikaza cheni, vinavyoshika ncha mbili za ekseli ya nyuma, kama milimita 200. Tofauti ya milimita 1 kati ya kikaza cha kushoto na cha kulia huwa milimita 6 na nusu ikifika kwenye gurudumu la mbele. Alama zilizogongwa kwenye mkono wa nyuma zililingana, ila mzee hakuziamini hata siku moja, nami naona alikuwa na haki, kwani upana wa alama yenyewe hukaribia hiyo milimita 1. Alitumia fimbo nyembamba ya chuma yenye ncha mbili, moja ikisogezwa na kukazwa kwa skrubu. Ncha ya kwanza aliiweka katikati ya bolti inayoushika mkono kwenye fremu, ya pili katikati ya ekseli, akaikaza, akaihamishia upande wa pili. Iliangukia katikati ya ekseli vile vile. Cheni nayo ilikuwa imeyala meno ya sproketi sawasawa pande zote mbili.

Ikabaki ringi. Nililizungusha gurudumu la nyuma mbele ya kijiti kilichofungwa kwenye mkono, na ringi ilicheza chini ya milimita 1, ilhali viwanda vingi huruhusu hadi 2. Fundi mwingine angelisifu gurudumu hilo na kuliacha. Lakini kuzunguka bila kuyumba na kukaa katikati ni mambo mawili tofauti, kwa maana spoki zinaweza kukazwa kwa ustadi kabisa huku zote zikiivutia ringi upande mmoja wa habu, yaani kitovu cha gurudumu. Tulipopima, nafasi kati ya ringi na mkono ilikuwa ndogo kulia kuliko kushoto kwa milimita 12, yaani mara mbili ya zile 6. Mzee hakugusa spoki kabla ya kufungua kitabu cha kiwanda, kwa kuwa zipo pikipiki ambazo ringi yake ya nyuma huwekwa kando kwa makusudi. Hii haikuwa mojawapo. Mwenyewe ndipo alipokumbuka kuambiwa na aliyemuuzia kwamba spoki za nyuma zilibadilishwa zote baada ya ajali.

Tulilegeza robo mzunguko spoki zinazoshikwa na ukingo wa kulia wa habu, tukakaza za kushoto kwa kiasi hicho hicho, gurudumu zima kabla ya kurudia, hadi nyuzi zikatoa 10 na 10. Pikipiki ilipojaribiwa haikuvuta tena kama mwanzo. Usukani, hata hivyo, ulikuwa bado unatazama kulia.

“Sasa huyo ni mwingine, mwanangu,” mzee aliniambia. Aliweka fimbo mbili zilizonyooka kukatiza bomba za foku, yaani miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele, moja juu na moja chini, akachutama mbele yake: hazikuwa sambamba. Foku zilikuwa zimejipinda ndani ya vishikio vyake ajali ilipotokea. Tulilegeza bolti za kishikio cha chini, za ekseli na za madigadi, nikalibana gurudumu kwa magoti, naye akaurudisha usukani. Fimbo zilikaa sambamba, jambo ambalo lisingetarajiwa kama bomba moja lingekuwa limepinda.

Likasalia tairi la mbele, lililolika zaidi bega la kulia. Ringi ya nyuma ilipokuwa kulia, uzito uliangukia kushoto kwa mstari wa matairi, na mwendeshaji alikuwa akiinamisha pikipiki kulia muda wote ili isimpeleke kando. “Mzee, hili si liishe tu?” aliuliza mwenyewe. Mzee alimjibu kwamba umbo hilo la pembeni lingeendelea kuivuta pikipiki hata kila kitu kingine kikiwa kimenyooka, na kwamba akirudi kulalamika akiwa nalo hatapimiwa chochote. Aliondoka nalo, akarudi baadaye akiwa amebeba jipya begani.