Hodi kwenye waraka wa watu

Asubuhi ile nilifungua simu baada ya sala ya Alfajiri nikakuta azimio letu la kazi, yaani mpango wetu wa kusomesha tunaouandika pamoja mtandaoni, limepungua kurasa mbili. Mada ya ngeli, niliyoikalia usiku wa siku tatu, haimo. Mikono ilinitetemeka.

Tulikuwa walimu wanne wa Kiswahili: mimi Wete, mwenzangu mmoja Chake Chake, mwengine Mkoani, sote wa Pemba, na Bi mkubwa mmoja wa Unguja aliyeanza kusomesha kabla yetu sote. Miaka yote tulipeana kazi kwa flashi. Anayevuka na boti ndiye anayekabidhiwa. Ikirudi ina virusi, au ina mafaili matatu na yote yameandikwa "la mwisho". Google Docs, ambayo watu wengi huandikia waraka mmoja kwa pamoja mtandaoni, ipo tangu mwaka 2006, lakini sisi tumeijia mwaka jana tu, kijana mmoja alipotufungulia waraka na kutupa sote ruhusa ya kuhariri. Kubonyeza tulijifunza siku moja. Yaliyobaki yalichukua muda.

Nilimpigia wa Chake. "Nimepunguza, maalim, niliona imejirudia," akanambia, kwa nia njema kabisa. Nikanyamaza, maana ulimi ulikuwa umeshashika njia ya kumkosea adabu. Bi mkubwa ndiye aliyeniokoa. "Usiandike upya. Nenda kwenye kompyuta ya skuli, ufungue historia ya matoleo. Ila usirejeshe toleo zima, utaondoa na ya mwenzako wa Mkoani aliyoandika leo asubuhi. Nakili kurasa zako tu."

Nikafungua. Kila badiliko lina saa yake, jina la aliyelifanya na rangi yake. Kurasa zangu mbili ziko pale, nzima, hata ile alama ya mkato niliyoikosea. Nikazinakili, nikazirudisha mahali pake. Na nilipozisoma kwa utulivu niliona kweli aya moja ilijirudia. Wa Chake alikuwa na haki kwa aya hiyo.

Tangu siku hiyo tumekubaliana: sehemu aliyoiandika mwenzako huigusi ila kwa hali ya kupendekeza. Ukifuta neno halitoweki, linapigwa mstari tu. Ukiongeza, linakaa kwa rangi nyengine likingoja mwenyewe akubali au akatae. Kwangu mimi hiyo ni hodi. Hatuingii nyumba ya mtu mpaka tuambiwe karibu, hata kama mlango uko wazi na tunamuona mwenyewe yuko ukumbini.

Muhula huu nimewaingiza Kidato cha Tatu. Tunakusanya msamiati wa uvuvi kwenye waraka mmoja, kila kundi na herufi zake. Wanaandika jioni nyumbani kwa simu za wazazi wao. Nimewaonesha namna ya kuruhusu waraka ufunguke bila ya mtandao, jambo linalotakiwa kufanywa bando likiwepo, si likishakwisha. Umeme ukikatika wanaendelea kuandika, na simu ikipata mtandao kazi inapanda wenyewe hawana habari. (Wakubwa wenzangu wanakumbuka Pemba ya majenereta, kabla ya waya kuvushwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Kazi hii wakati ule ingetushinda.)

Wiki iliyopita mtoto mmoja wa mjini aliandika kwamba dema ni aina ya wavu. Haikufika nusu saa mwenzake wa Kojani, kisiwa cha wavuvi, akaweka maoni pembeni: "Dema si wavu. Ni mtego wa kusukwa, samaki anaingia mlangoni halafu hapati njia ya kutoka." Hakufuta la mwenzake. Aliyeandika akasoma, akakubali, akalisahihisha kwa mkono wake. Niliyaona yote yanapita kwenye kioo cha simu, nami nimekaa barazani bila ya kutia neno. Darasani mtoto yule wa Kojani sijapata kumsikia akinyanyua sauti.

Sasa wako kwenye neno dago. Kundi moja limeandika "kambi ya wavuvi". Mtoto wa Kojani amependekeza iongezwe na safari yenyewe, kwa sababu kwao watu husema "kwenda dago". Pendekezo lake bado liko pale kwa rangi yake. Wenye herufi D wamemjibu wanalingoja, kwanza Ijumaa akamuulize babu yake.