Niliwafungulia wachambuzi wa magazeti daftari la madeni

Nina mgahawa mdogo hapa Mtwara mjini, si mbali na stendi. Chai, chapati, maharage, na supu ya pweza siku anapopatikana. Wateja wangu wa asubuhi hununua gazeti moja, hulisoma kwa zamu, na wakiondoka linabaki mezani. Kwa hiyo nimesoma makala za siasa bure kwa karibu miaka kumi na tano, na kwa muda mrefu niliziamini kama ninavyoamini tangazo la msiba.

Korosho ndizo zilizonizindua. Mama yetu alituachia mikorosho Newala, mimi na dada yangu. Msimu wa 2018 wakulima tulizikataa bei za mnada, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Tulishangilia, sitaficha. Zetu zilikuwa zimeshafika ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika, na ada za Januari zilikuwa zinabisha hodi. Wiki hiyo nikasoma makala ya mchambuzi niliyempenda kuliko wote, yule ambaye kwenye picha ya safu yake amevaa kofia. Aliandika kwa uhakika kabisa kwamba ndani ya wiki mbili kila mkulima atakuwa na fedha yake kwenye akaunti, na anayesema vinginevyo hawatakii mema watu wa Kusini. Nilikikata kile kipande cha gazeti, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda kukopa. Ulikuwa mkopo wa mtaani, wa aina ambayo siku hizi watu wanaiita kausha damu. Nilimwambia mwenye fedha kwamba kabla ya mwaka kwisha nitakuwa nimemaliza.

Ukaja uhakiki wa wakulima kabla ya malipo. Wapo waliolipwa mapema, sisi hatukuwamo. Fedha yetu iliingia mwaka uliofuata, mfungo wa Ramadhani ukiwa umeshapita, na riba ilikuwa imekwishatafuna magunia kadhaa. Mwenye kofia hakuandika tena hata mstari mmoja kuhusu zile wiki mbili zake. Nilimsubiri kila Jumatano. Aliandika kuhusu barabara, akaandika kuhusu ndege, kuhusu nidhamu ya watumishi. Korosho aliziacha kama hajawahi kuzitaja.

Kwa hasira nikahamia kwa mwenzake wa upande wa pili, mwenye miwani, ambaye gazeti lake lilikuwa likiibana serikali kila toleo. Nikatafuta alisema nini Novemba ileile. Alisema hakuna mkulima hata mmoja atakayeiona senti. Na huo haukuwa ukweli: jirani wa shamba letu alilipwa kabla ya mwaka mpya, nilimwona akishusha mabati.

Hapo ndipo kila mteja alipokuja na ushauri wake, na mwingi ulinipotezea muda. Mmoja akaniambia nisihangaike, nitazame tu mwenye gazeti ni nani, basi nimemaliza. Ni kweli mmiliki ana maana. Habari Leo ni la serikali, Uhuru ni la CCM, Tanzania Daima lilikuwa la Mbowe wa Chadema, na huwezi kusoma safu zao kama vile hujui hilo. Lakini hilo halikutoshi. Gazeti la mmiliki mmoja lina waandishi sita wa safu, na hawafanani. Na mwaka 2021 Uhuru lenyewe, gazeti la chama tawala, lilifungiwa siku 14 kwa habari iliyomhusu mwenyekiti wa chama hichohicho.

Mwingine akasema nisome magazeti mawili yanayopingana kisha nichukue katikati. Huu ndio ushauri ulioniudhi kuliko yote, kwa sababu unatolewa kwa sauti ya hekima. Katikati ya "wote ndani ya wiki mbili" na "hata mmoja hataiona" kuna nini? Nilichukua katikati mara nyingi na nikabaki na uongo wa kila upande, nusu kwa nusu.

Mpwa wangu, aliyekuwa chuo, akanipa kalamu mbili. Nyekundu nipigie mstari kila neno la kusifu serikali, bluu kila neno la kuiponda, nihesabu, anayekaribia usawa ndiye wa kuaminika. Nilifanya hivyo mwezi mzima, usiku, baada ya kuosha masufuria. Nilihesabu mpaka "shupavu" na "thubutu". Mwisho wa mwezi aliyeshinda kwa usawa alikuwa mtu ambaye katika makala nne hakusema kitu chochote. Kila aya ilikuwa na "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine", na mwishoni "wakati ndio utakaoamua". Nikamrudishia mpwa wangu kalamu zake. Mtu asiyesema lolote hana upendeleo, ila hana faida pia. Mimi nilitaka kujua nani akisema jambo naweza kuliegemea.

Dawa niliipata kaunta, kwenye daftari la madeni. Wanaokula kwa mkopo nawaandika: jina, tarehe, alichokula, siku aliyoahidi kulipa, na nafasi ya mwisho ya kuandika amelipa au hajalipa. Sijali mteja ni Simba au Yanga, wa chama gani, anasali wapi. Akilipa anakopeshwa tena. Siku moja nimekaa na lile daftari mkononi nikaona wazi kwamba mchambuzi akisema jambo fulani litatokea amekopa kwangu. Amekopa imani yangu, na mimi kwa imani ile nilikwenda kukopa fedha za kweli.

Nikanunua daftari jipya, la kurasa mia mbili, sikumbuki bei, elfu mbili au tatu. Kila mchambuzi nikampa kurasa zake. Nikajiwekea sharti moja: siandiki kitu kisicho na tarehe, idadi au jambo linaloonekana kwa macho. "Wananchi wamechoka" siandiki. "Chama fulani kitapata viti vya udiwani visivyopungua vitano hapa" naandika. Tabu ilikuja palepale. Kwa miezi mitatu, makala kumi na mbili za mwenye kofia zilinipa mistari miwili tu ya kuandika. Mwenye miwani alinipa saba. Kabla hata ya kujua nani amelipa, nilikuwa nimeshajifunza kitu kuhusu nani anathubutu kukopa hadharani.

Lakini kabla ya daftari hilo lilikuwa limeshatokea la kabati.

Machi 2019 Edward Lowassa alirudi CCM. Mwaka 2015, mwezi Julai, alikuwa ametoka huko na kwenda Chadema kugombea urais. Wiki ileile aliyorudi nilikuwa nabadilisha magazeti ninayotandika kwenye kabati la vyombo. Nilibandua la juu, la katikati, na chini kabisa, limegandana na mafuta, kona moja imeliwa na mende, nikakuta ukurasa wa Agosti 2015. Na pale kwenye doa la mafuta ya vitumbua, mwenye kofia ananitazama. Makala nzima ilikuwa ya kumwonya Lowassa: anayehama chama kwa ajili ya cheo ana tamaa, hajui shukrani, wananchi wampime kwa hatua hiyo. Mezani nilikuwa na makala yake mpya. Kuhama sasa kulikuwa ukomavu, ujasiri wa kukiri kosa, mfano kwa vijana.

Nikaacha vyombo sakafuni. Nilipekua rundo zima mpaka nikampata na mwenye miwani wa mwaka ule. Yeye 2015 aliona kuhama ni haki ya kila raia na mwanzo wa mageuzi. Machi 2019 aliandika kwamba anayehama vyama hana msimamo na hakupaswa kupokelewa tangu mwanzo.

Usiku ule nilizinakili aya nne, moja kutoka kila makala, kwa mkono wangu. Jina nikaandika "mwanasiasa huyo". Vyama nikaviita cha kwanza na cha pili. Tarehe nikaziacha. Asubuhi, chai ikiwa imeshamiminwa, nikasimama nikawasomea wateja. Mezani alikuwepo fundi baiskeli, mzee wetu, kada wa CCM tangu ujana wake, na kijana wa bodaboda ambaye 2015 alikuwa mpinzani, CUF damu. Nikawauliza, "Hawa ni waandishi wangapi?"

Fundi akasema ni wanne. Wa kwanza mkali, wa pili mpole, wa tatu mwanasheria, wa nne ana chuki binafsi. Yule kijana akakubaliana naye, na hao wawili sijawahi kuwaona wakikubaliana. Nikawauliza nani kati ya wanne anaaminika. Fundi akamchagua wa pili, kijana akamchagua wa tatu. Nikatoa magazeti manne, lile la mafuta likiwa juu, nikayapanga mezani. Walikuwa waandishi wawili. Na aya aliyoichagua fundi ilikuwa ya yule mpinzani ambaye alikuwa hataki hata kumsikia.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, niachie hilo la mafuta, nataka kulisoma lote." Akalisoma mpaka mwisho, chai yake ikapoa. Tangu siku ile makala yoyote ikiwa na moto mwingi naisoma mara ya pili nikibadilisha majina ya vyama kichwani. Sentensi ikibaki inasimama, huyo amejenga hoja. Ikianguka, alikuwa anashabikia.

Kipimo changu kingine kinatokana na gesi. Watu wa Mtwara hatutasahau maandamano ya Desemba 2012 ya kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, wala Mei 22 mwaka 2013, siku ya bajeti ya nishati, mji ulipowaka moto na sisi tukajifungia ndani na watoto. Makala zilizotuhukumu zilikuwa nyingi. Tuliitwa wabinafsi, tuliitwa watu wa kuchochewa. Nilipozipitia baadaye nilimkuta mmoja akiandika kwamba Songo Songo iko Mtwara. Songo Songo ni kisiwa cha Kilwa, mkoa wa Lindi, gesi yake iligunduliwa 1974. Ya kwetu ni Mnazi Bay, 1982. Mtu asiyejua kisiwa kiko mkoa gani alikuwa anaeleza kilichomo mioyoni mwa watu. Kwa hiyo mchambuzi akigusa jambo la huku, kwanza natazama majina ya vijiji, bei na umbali. Akikosea hayo madogo, hukumu zake kubwa siziandiki hata kwenye daftari.

Lazima pia niwatendee haki. Mwaka 2017 Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yalifungiwa, moja baada ya jingine, chini ya sheria mpya ya habari ya 2016. Baada ya hapo mwenye miwani alipungua makali, na mwanzoni nilimwandikia kwamba amenunuliwa. Nilikosea, nimeufuta mstari ule. Ukimya wa mtu mwenye hofu ni tofauti na ukimya wa mtu aliyepewa bahasha, ingawa kwenye karatasi vinafanana.

Kuwa na upande si kosa, hilo fundi ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia, "Mkapa wetu wa Lupaso, kabla ya urais, alikuwa mhariri wa The Nationalist, gazeti la TANU. Kila aliyelinunua alijua ananunua gazeti la chama." Mwenye miwani na mimi hatujawahi kupiga kura inayofanana. Lakini mwaka 2020, mwezi mmoja baada ya uchaguzi, alifungua safu yake kwa neno "nilikosea", akataja jimbo, akataja idadi aliyokuwa ametabiri, akaeleza alichoshindwa kukiona. Niliweka alama ya kulipa kwenye mistari mitatu kwa mpigo. Mwenye kofia hajawahi kuandika neno hilo, miaka yote ninayomsoma, na tunapiga kura kwa chama kimoja.

Siku hizi wateja wakibishana, kuna anayesema "lete daftari". Nimefika la tatu. Kijana wa bodaboda ameanza lake, analiandika kwenye simu, nami nimemwambia atafute na karatasi kwa sababu simu yake inazimika kila mara.

Mwenye miwani ana deni moja la zamani kwangu. Aliandika kwamba mkataba wa mradi wa gesi wa Likong'o, pale Lindi, utakuwa umesainiwa kabla 2023 haijaisha. Mwaka uliisha bila saini. Mstari wake nimeuacha wazi, na kila nikifungua ukurasa wake nautazama kwanza huo.