Wafu wanaosengenyana

Jana usiku nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Nasoma riwaya ya Cré na Cille ya Máirtín Ó Cadhain, kwa tafsiri ya Kiingereza maana Kiayalandi sijui hata salamu. Wahusika wote ni maiti! Caitríona kazikwa, na shida yake ya kwanza ni kujua kalazwa kaburi la pauni moja au la shilingi 15. Halafu umbea unaanza, na mdogo wake Nell hamtoki mdomoni.

Mwandishi mwenyewe alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Connemara, magharibi mwa Ayalandi. Akafukuzwa kazi mwaka 1936 kwa sababu ya kuwa mwanachama wa IRA, jeshi la siri la wapigania uhuru wa Ayalandi, kisha akafungwa kambi ya Curragh wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huko akiwafundisha wafungwa wenzake Kiayalandi. Mwaka 1969 akawa profesa chuo kikuu cha Trinity, Dublin. Mwaka uliofuata akafariki.

Nimebakiza kurasa 40, nazisoma kwa uchoyo.